Slaidi kwenye banjo: mwongozo kamili kwa wanaojifunzia Mtwara na Lindi

Sauti ya banjo hufa haraka. Daraja lake limekaa juu ya ngozi iliyokazwa, si juu ya ubao mnene, kwa hiyo uzi ukidonolewa nguvu yake humwagika karibu yote kwa mkupuo: mlio mkali, halafu kimya. Anayetoka kwenye gitaa hushangazwa na jambo hili siku ya kwanza, na ndilo linalomkwamisha kwenye slaidi, yaani kutelezesha kidole juu ya uzi kutoka noti moja hadi nyingine. Kwenye gitaa unaweza kutelezesha kidole kwa uvivu na sauti ikakusubiri. Banjo haisubiri. Ukichelewa kidogo tu unafika kwenye freti (chuma kinachokatiza shingo) unayoitaka huku uzi umeshanyamaza, na msikilizaji anabakiwa na mkwaruzo.

Ndiyo maana mwongozo huu unasema zaidi habari za muda kuliko habari za vidole. Kidole kujifunza kuteleza ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kufika kwa wakati.

Nimeuandika nikiwafikiria watu wa huku kusini ambao tayari wanapiga gitaa la solo au rizimu kwenye bendi au kwaya, iwe Mtwara mjini, Masasi, Ndanda au Lindi, wakapata banjo ya nyuzi tano kwa njia yoyote ile na hawana mwalimu jirani. Kama yako ni ya nyuzi nne, zile fupi zinazotyuniwa C, G, D, A, maelezo ya kidole na mkono yatakufaa, ila majaribio ya nyuzi mbili kulingana sauti hayatatoka kama nilivyoyaeleza.

Slaidi ipi?

Ukitaja slaidi mbele ya wapiga gitaa, wengine wataleta kichupa au bomba la chuma la kuvalisha kidoleni. Hiyo ni habari nyingine. Nyuzi za banjo hukaa chini sana, karibu milimita 3 tu juu ya freti ya 12, na bomba likikandamiza kidogo linagonga freti. Hapa tunazungumzia slaidi ya kidole kitupu: unabonyeza uzi kwenye freti moja, unaudonoa mara moja tu kwa mkono wa kulia, halafu unapeleka kidole hadi freti nyingine bila kukiinua. Donoo moja, noti mbili.

Mbinu hii ni ya zamani kuliko freti za banjo. Babu wa banjo ni vyombo vya Afrika Magharibi, mfano akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia, na Waafrika waliopelekwa utumwani ndio waliokwenda na ufundi huo Karibea na Marekani. Banjo za mwanzo zilikuwa na shingo laini isiyo na freti. Freti zilienea mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo anayetelezesha kidole leo harembi kitu kipya.

Andaa chombo kwanza

Tyuni kwa G ya wazi. Uzi wa 1 ni D, wa 2 ni B, wa 3 ni G, wa 4 ni D nzito, na wa 5, ule mfupi unaoanzia freti ya 5, ni G ya juu. Programu ya kutyunia kwenye simu inatosha, na nyingi zikishapakuliwa hazihitaji bando. Ikikuonyesha hezi (mitetemo kwa sekunde), uzi wa 3 uwe 196 na ule mfupi 392.

Halafu angalia daraja. Daraja la banjo halijagundishwa; linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na chombo kikisafiri kwenye basi hadi Newala na kurudi linaweza kuwa limesogea. Gusa uzi wa 1 kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, udonoe, usikie ile sauti nyembamba. Kisha bonyeza freti hiyohiyo udonoe tena. Sauti mbili zikilingana, daraja liko mahali pake. Ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza daraja kidogo kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Usiruke hatua hii. Daraja likikaa vibaya slaidi zako zitafika mahali sahihi na bado zitatoa noti ya uongo, nawe utakilaumu kidole kisicho na kosa.

Nyuzi ndizo tatizo letu hasa. Anayekaa Shangani, Mikindani au Lindi mjini karibu na maji anajua upepo wa bahari unavyokula chuma. Uzi wenye kutu unang'ang'ania ngozi ya kidole, slaidi inakatika njiani. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga, juu na chini, kipande cha khanga kuukuu kinafaa. Usipake mafuta ya nazi. Uzi utateleza siku hiyo, kesho yake umebeba vumbi na sauti imefifia.

Ukikosa seti ya banjo, nunua nyuzi za gitaa la umeme zile nyembamba zinazoitwa seti ya 9. Uzi wake wa kwanza (0.009 ya inchi) unafaa kwa wa 1 na wa 5 wa banjo, wa pili (0.011) kwa wa 2, wa tatu (0.016) kwa wa 3, na wa nne uliozungushiwa waya (0.024) kwa wa 4. Wa 5 utakulazimu kununua uzi mmoja wa ziada. Banjo nyingi hushika uzi kwa kitanzi, wakati uzi wa gitaa una kishanga cha shaba mwishoni. Kibane kwa koleo taratibu mpaka kipasuke kitoke, kitabaki kitanzi. Kinga macho ukifanya hivyo, vipande huruka.

Banjo ya kutengeneza mwenyewe kwa debe au sufuria, kama zile wanazopiga vijana wa Malawi, inafaa kabisa kujifunzia, mradi freti ziwe zimewekwa kwa kipimo. Na kama unamjua mchongaji wa Kimakonde mwenye kipande cha mpingo kikavu, muombe akutolee ubao mwembamba wa kubandika juu ya shingo. Mti huu wa kwetu ndio unaotengenezewa klarineti na obo huko nje, nao kwa ugumu wake hauliki na nyuzi upesi.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: vidole. Kama unabangua korosho kwa mkono, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na kuibambua. Usijifunze slaidi juu ya ngozi iliyoungua. Ingoje ipone, fanya mazoezi ya mkono wa kulia peke yake kwa wakati huo.

Kidole na mkono

Anza na uzi wa 3, kutoka freti ya 2 hadi ya 4, kwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Wengi hupenda kuanza na slaidi ndefu kwa sababu ina mbwembwe. Mimi nashauri hii kwa sababu ina hakimu wake pembeni, kama utakavyoona.

Weka ncha ya kidole nyuma tu ya freti ya 2, upande wa kichwa cha banjo, si juu ya chuma chenyewe. Donoa. Punguza mkazo kidogo kidogo huku ukidonoa mpaka uzi uanze kutoa mlio wa kukwaruza, kisha ongeza kidogo sana usikie noti safi imerudi. Huo ndio mkazo unaouhitaji, na ni mdogo kuliko ulivyozoea kwenye gitaa, kwa kuwa nyuzi za banjo ni nyembamba.

Sasa peleka kidole hadi nyuma ya freti ya 4. Kwenye banjo ya kawaida, yenye urefu wa sentimita 66 hadi 67 kutoka kwenye nati (kijiti kinachobeba nyuzi mwanzoni mwa shingo) mpaka kwenye daraja, safari hiyo ni kama sentimita 6.5. Haifanywi na kidole. Kidole kinabaki na umbo lilelile, mkono mzima ndio unaosogea kuanzia kwenye kiwiko, na gumba lililo nyuma ya shingo linafuata. Ukilibana gumba pale lilipokuwa, kidole kitanyooka, kitalala, na mkazo utapotea katikati ya njia.

Macho yaangalie freti unayokwenda, si ile unayotoka. Na mpiga gitaa atahadhari na alama za shingoni: banjo nyingi zina doti kwenye freti ya 3, 5, 7, 10 na 12. Ile ya 9 uliyoizoea haipo.

Utasikia sauti ikipanda kwa ngazi mbili, A, kisha B bapa (nusu hatua chini ya B), kisha B. Ni sawa. Banjo ina freti, haiwezi kulia kama fidla ya taarab inayopita katikati ya noti bila mpaka. Usijaribu kuficha ngazi hizo kwa kulegeza mkazo, ndipo sauti inapokufa.

Hakimu: uzi wa jirani

Uzi wa 3 kwenye freti ya 4 hutoa B. Uzi wa 2 ukiwa wazi hutoa B ileile. Kwa hiyo ukidonoa uzi wa 3, ukateleza kutoka 2 hadi 4, halafu ukadonoa uzi wa 2 wazi wakati uleule kidole kinapofika, zinakutana B mbili na kuwa noti moja nene. Ukichelewa, utasikia kwanza B ya uzi wa 2, kisha ya slaidi inajikokota nyuma yake. Ukiwahi, B inasikika mara mbili zilizoachana. Huhitaji mwalimu wa kukuambia.

Weka metronomu ya simu (programu inayogonga mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika na uhesabu "moja na mbili na". Kwenye "moja" gumba la kulia linadonoa uzi wa 3 ukiwa freti ya 2. Kidole kinaondoka hapohapo. Kwenye "na" cha shahada kinadonoa uzi wa 2 wazi, na kidole cha kushoto kinatua freti ya 4. "Mbili na", pumzika, rudi freti ya 2. Kwa mwendo huo una nusu sekunde ya safari, muda mwingi, na hapo ndipo utakapoona kama mkazo wako unadumu: sauti ya banjo lazima iwe bado hai mwisho wa nusu sekunde hiyo. Kama imekufa, ama umelegeza, ama umedonoa kwa unyonge. Donoa karibu na daraja, kwa nguvu ya wastani.

Kaa hapa mpaka B mbili ziungane karibu kila mara. Nasisitiza, maana hapa ndipo wengi wanapokimbia kwenda kutafuta nyimbo.

Kuna pia slaidi ya haraka, ambayo noti ya kwanza haina hesabu yake. Unadonoa freti ya 2 na papo hapo umeshafika, msikilizaji anasikia kama noti imeingia kwa kujikunja. Kwa hii tumia freti ya 2 hadi ya 3 kwenye uzi wa 3, sentimita 3.3 tu, kisha fuatisha uzi wa 2 wazi kwenye "na". Utapata ile ladha ya B bapa inayosukumwa kwenda B, ladha ya bluzi, na kwa safari fupi namna hii gumba linaweza kubaki lilipo.

Slaidi nne za kwanza

Uzuri wa G ya wazi ni kwamba kila uzi una jirani wa kuuhukumu. Ya uzi wa 3 umeshaipata.

Uzi wa 4, freti ya 2 hadi ya 5, inaishia G, sawa na uzi wa 3 wazi. Hii na ile ya uzi wa 1 ndizo ndefu kuliko zote, karibu sentimita 9.5, na uzi umezungushiwa waya, kwa hiyo utasikia mluzi wa ngozi juu ya waya. Simamisha ncha ya kidole zaidi, mluzi utapungua. Ukizidi kupiga kelele, uzi umeshika kutu.

Uzi wa 2, freti ya 2 hadi ya 3, inaishia D, sawa na uzi wa 1 wazi. Tumia cha shahada au cha kati, chochote kilicho karibu.

Uzi wa 1, freti ya 2 hadi ya 5, inaishia G ya juu, sawa na uzi wa 5. Hapa jirani anadonolewa na gumba wakati noti ya slaidi imedonolewa na kidole cha kati, na mikono miwili inataka kugombana. Ipe muda zaidi. Angalia pia usiusukume uzi nje ya ukingo wa shingo. Uzi wa 1 ukivutwa pembeni hupanda sauti na G yako inakuwa kali.

Kuingiza kwenye mzunguko

Upigaji wa vidole vitatu ulioenea duniani baada ya Earl Scruggs wa North Carolina kujiunga na bendi ya Bill Monroe mwaka 1945 umejengwa kwa mizunguko ya madonoo manane. Slaidi hukaa ndani ya mzunguko. Mzunguko hausimami kuipisha.

Anza na huu: gumba uzi wa 3, shahada wa 2, gumba wa 5, kati wa 1, gumba wa 4, shahada wa 2, gumba wa 5, kati wa 1. Upige bila slaidi mpaka uweze kuongea na mtu huku unaupiga. Kisha ongeza slaidi ya 2 hadi 4 kwenye donoo la kwanza tu. Donoo la pili ni uzi wa 2 wazi, yule hakimu, yuko palepale. Baada ya hapo kidole kina madonoo sita ya kurudi freti ya 2. Inua kwa upole bila kuung'oa uzi, rudi, subiri.

Kosa la kawaida ni mkono wa kulia kusita ili kuungoja wa kushoto. Zima slaidi, rudisha mzunguko mtupu, rekodi kwa simu, kisha rekodi na slaidi. Sikiliza zote mbili ukipiga meza kwa kidole. Mapigo ya meza yakilazimika kubadilika kwenye ile ya pili, mwendo ni mkubwa mno kwako. Shusha mapigo kumi.

Ukizoea, jaribu mzunguko wa kwenda mbele: uzi wa 3, 2, 1, kisha 5, 2, 1, kisha 5, 1, kwa gumba-shahada-kati, gumba-shahada-kati, gumba-kati. Ni tatu, tatu, mbili. Wazungu hutumia kurasa kuueleza mgawanyo huu. Sikio lililokulia kwenye ngoma za huku halitasumbuka nao. Slaidi iwe tena kwenye donoo la kwanza.

Mwendo upandishe mapigo matano matano. Kwa madonoo mawili kila pigo, mapigo 120 yanakupa robo sekunde tu ya slaidi. Hapo mkazo wa ziada wa kidole ndio utakaokurudisha nyuma kuliko kitu kingine, maana kidole kilichobonyeza sana hakikimbii.

Ikigoma

Sauti ikikatika katikati, unalegeza mkazo, au gumba la nyuma limebaki. Ikifika imefifia, unatua juu ya chuma cha freti badala ya nyuma yake. Ikifika imezidi, unausukuma uzi pembeni. Ukisikia noti ya mwisho ikilia tena peke yake, mkono wa kulia unadonoa mara ya pili bila wewe kujua. Zoea hili hutoka kwenye gitaa. Na kama kidole kinafika vizuri lakini B mbili zinapigana mawimbi, rudi kwenye kutyuni na kwenye daraja. Joto la mchana wa Mtwara na unyevu wa jioni vinabadilisha mkazo wa ngozi, hasa ya mnyama. Ya plastiki hubadilika kidogo.

Kwenye wimbo

Chagua wimbo unaoweza kuuimba bila kuangalia maneno. Imba mstari mmoja polepole na usikilize ni wapi sauti yako inaingia kwenye noti kutoka chini badala ya kuigonga moja kwa moja. Mahali hapo ndipo pa slaidi. Mara nyingi ni neno la kwanza la mstari, au silabi inayovutwa. Weka moja kwa mstari, si zaidi. Banjo iliyojaa slaidi kila donoo huchosha, na waimbaji wa kwaya watakuwa wa kwanza kukuambia.

Slaidi ya kushuka, mfano freti ya 4 hadi ya 2, iache kwa mwisho wa mstari. Ni ngumu zaidi kwa sababu noti ya pili hutoka dhaifu, kwa hiyo donoa kwa nguvu kidogo zaidi mwanzoni na ufike mapema.

Kwaya ikiimba kwa A badala ya G, usianze kutafuta vidole vipya. Funga kapo (kibano cha shingoni) freti ya 2 na ukaze uzi wa 5 kutoka G hadi A. Fanya hivyo polepole, maana uzi mwembamba uliokwisha shika kutu hukatika hapohapo. Au badala ya kuukaza, uushike kwa kimsumari cha freti ya 7 kama banjo yako inacho. Slaidi zote nne zinabaki zilezile ukihesabu kutoka kwenye kapo, na mahakimu wao wanabaki walewale, lakini freti zimesogeleana: ile ya uzi wa 3 iliyokuwa sentimita 6.5 sasa ni kama 5.8. Mkono uliokwisha zoea safari ndefu utapitiliza. Piga mzunguko mara kadhaa pembeni kabla kwaya haijaanza, kidole kipate kipimo kipya.